Chai ya Kuachishwa Kazi

Binti aliyekaa kiti cha nyuma hakuwa na haja ya kutega sikio, maana treni ilikuwa nusu tupu na maneno yalimfuata yenyewe. Mbele yake dobi wa hoteli, mama mtu mzima aliyeachishwa kazi juzi, alikuwa akimpima wakili aliyekutana naye humo humo: ampe kesi yake, au asimpe?

"Unatetea wafanyakazi, sawa. Na kabla ya hapo, mwanangu?"

"Nilikuwa upande wa mabosi, mama." Wakili akakohoa. "Walipokuita ofisini, walikupa chai kwanza?"

"Tena ya maziwa! Umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha. Mtu mwenye kikombe cha moto mkononi hapigi kelele."

"Ala! Kumbe chai yangu uliipika wewe!"

"Ndiyo maana niliacha, mama. Sasa jiko lao nalijua lote."

"Na mkono wa kupikia umeuacha huko, au umekuja nao?"

Wakili akacheka, akatoa kadi ya ofisi yake akampa. Binti alilisubiri jibu hilo kuliko hata mwenye kesi.

Treni ikasimama. Mama akabeba mfuko wake, akageukia mlangoni. "Kesho nitakuja ofisini kwako nikusikilize. Ila nakuomba, mwanangu, usinikaribishe chai."