Mwenyekiti Aliyemtaka Farasi

Mheshimiwa Naibu Kamishna. Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi. Mchungaji na Imamu, mlioketi pamoja kwenye kochi moja kwa sababu makochi ya kukodi yalifika mawili tu. Wazee wetu wa baraza la Gasa. Daktari Hope na wenzako wa chuo kikuu. Wazazi mliotoka Ndera na Kulesa, na nyinyi wa Kau mliopanda mtumbwi kwanza ndipo mkapata gari. Na watoto wetu, ambao kwa desturi hutajwa mwisho ilhali bila wao hakuna hata mmoja wetu ambaye angeitwa mgeni wa heshima leo: hamjambo, na assalamu alaikum.

Mimi ni Batula Harith. Ninafundisha watoto wenye ulemavu hapa Garsen, na tangu shirika letu lianzishwe nimekuwa makamu wa mwenyekiti. Jina letu kamili ni Shirika la Utafiti wa Tiba kwa Kupanda Farasi, lakini sokoni tunaitwa "wale wa farasi", na hilo linatosha. Nimeombwa niseme maneno machache mema juu ya mwenyekiti wetu anayestaafu, Bwana Gershom Kiti. Nimeombwa pia niwe mfupi. Aliyeniomba niwe mfupi ni Bwana Gershom mwenyewe, na kwa kuwa kiongozi hufuatwa kwa matendo yake, mtanisamehe nikichelewa kidogo.

Ndugu zangu, wengi wenu mnamjua mjukuu wake, Valentine, yule pale aliyevaa gauni la njano. Valentine alizaliwa na mtindio wa ubongo. Miguu ilikakamaa, mgongo haukuweza kujishikilia, na mama yake, Everline, alipotaka kupika ilimbidi amfunge kwa leso kwenye kiti ili asianguke. Babu yake akasikia redioni kwamba katika nchi nyingine watoto kama huyu hupandishwa farasi, na kwamba mwendo wa farasi huchezesha nyonga za mtoto kana kwamba anatembea yeye mwenyewe. Mtu mwingine angesikia akanyamaza. Mwingine angeuliza, je, ni kweli? Bwana Gershom hakuuliza. Aliitisha mkutano.

Katika mkutano ule alitueleza kwamba tutaanzisha shirika la kusaidia utafiti. Nilimuuliza, kwa adabu yote, "Utafiti wa kutafuta nini, Mwenyekiti?"

Akanijibu, "Wa kuthibitisha, mwalimu. Wa kuthibitisha."

Basi farasi akaletwa kutoka bara, akaitwa Nahodha. Je, kuna kiumbe aliyewahi kupokewa Garsen kwa heshima kama ile? Wanawake waliimba. Alishonewa chandarua kikubwa kwa ajili ya mbung'o na mbu, nasi tuliobaki tukaendelea kuumwa kwa uvumilivu. Mto ulipoanza kufurika na barabara ikikaribia kukatika, Nahodha alihamishwa kwa lori hadi Minjila kwenye ardhi ya juu mapema kabisa, kabla hata ya baadhi ya wajumbe wa bodi, nami nikiwa mmojawapo. Na siku ya uzinduzi, watoto wakiwa wamepangwa kivulini tangu asubuhi, waliompanda farasi kwanza ni wageni wa heshima, mmoja baada ya mwingine, ili wapigwe picha. Watoto walipofikiwa, Nahodha alikuwa amechoka. Sitaji majina. Waliopanda wanajijua, na picha wanazo.

Daktari Hope alipokuja kutoka chuo kikuu kuongoza utafiti, alitazama farasi, akatazama watoto, kisha akasema jambo lililomshangaza mwenyekiti wetu. Alisema farasi peke yake hatatuambia kitu. Mtoto hukua, mtoto hupendwa, mtoto huchezeshwa viungo kila wiki. Akipata nafuu, utajuaje kwamba ni farasi? Lazima pawe na kundi la pili la watoto watakaofanya mazoezi yaleyale juu ya mnyama mwingine, na mnyama mwingine tuliye naye hapa ni punda.

Mnakumbuka msimamo wa Bwana Gershom kuhusu punda. Aliutoa kanisani, aliutoa sokoni, aliutoa hata kwenye matanga: punda ni mnyama wa mitungi ya maji, na mtoto si mtungi. Lakini alikubali, tena kwa furaha. Aliniambia pembeni, "Mwache punda aingie. Atatusaidia kuonyesha ukubwa wa farasi."

Makundi yaligawanywa kwa vizibo vya soda ndani ya kofia. Kizibo chekundu, farasi. Kizibo cha kijani, punda. Kila mzazi aliingiza mkono mbele ya wote. Everline alipoingiza wake, ukumbi mzima uliinua shingo, maana kila mtu alijua shirika hili limezaliwa kwa sababu ya nani. Akatoa kizibo cha kijani.

Bwana Gershom alitabasamu, kama mtu anayetabasamu akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno. Watu walipotawanyika, alimfuata Daktari Hope hadi kwenye gari. Nilikuwepo, nimebeba viti.

Akamwambia, "Binti yangu, kumetokea kosa dogo."

"Kosa gani, mzee?"

"Valentine ni wa farasi. Hilo halikuhitaji kizibo."

Daktari Hope akasema, "Nikimhamisha Valentine, mzazi wa kila mtoto aliyepata punda ana haki ya kuniomba hivyohivyo. Na nikiwahamisha wote, sina utafiti. Nina farasi tu."

"Mimi ndiye mwenyekiti."

"Ndiyo, mzee. Ndiyo maana ukibadilisha wewe, hakuna atakayeniamini mimi."

Ndugu wageni waalikwa, mzee aliondoka bila kuaga. Alikaa nyumbani kwake bila kupokea simu. Alimtuma mtu aje kuniambia kwamba amejiuzulu, kisha akamtuma mwingine kuniuliza kama yule wa kwanza alifika. Nilisema hajafika. Huo ndio uongozi wa makamu: kujua ujumbe upi haujafika.

Lakini nataka mjue pia nililoliona, kwa sababu utani una mwisho wake. Nilimwendea nyumbani. Nilimkuta ameketi barazani na Valentine mapajani, amemshika kiunoni kwa mikono miwili, anamyumbisha polepole kushoto na kulia, kama mwendo wa mnyama. Hakunitazama. Akasema, "Mwalimu, nimeomba farasi kwa ajili ya mtoto huyu mpaka nimechekwa. Amefika, na mtoto huyu ndiye asiyempanda." Niliketi naye mpaka chai ikapoa.

Siku ya kwanza ya mazoezi, tulimwona akija. Bwana Gershom Kiti, mwenyekiti wa farasi wa Tana Delta yote, alipita katikati ya soko la Garsen akishika kamba ya punda wa Bwana Dhadho, muuza maji, na juu ya punda ameketi mjukuu wake, Everline akimshika mgongo. Mnalijua soko letu. Je, walimwacha apite salama? Mmoja alimuuliza kama farasi amepungua kwa kufuliwa. Mwingine akauliza mtungi mmoja wa maji ni bei gani. Mzee alikuwa akitazama nyonga za mtoto, na kila wiki, mvua na jua, alipita njia ileile.

Matokeo yalipotoka, Daktari Hope alitaka kuyatangaza mwenyewe. Bwana Gershom akasema hapana, mwenye kuahidi ndiye mwenye kutangaza. Alisimama hapahapa nilipo. Akasema watoto wengi walipata nafuu ya kujishikilia. Akasema nafuu ya waliopanda farasi na ya waliopanda punda haikutofautiana. Akarudia, ili waliokaa nyuma wasikie: haikutofautiana.

Bwana Dhadho ndiye aliyeinua mkono, na hata yeye hakuwa na kicheko tena. Akauliza, "Kwa hiyo, mzee, miaka yote hii utafiti umetudanganya kuhusu farasi?"

Bwana Gershom akasema, "Hapana. Aliyewadanganya ni mimi. Utafiti ndio umeniumbua."

Nimehudhuria sherehe nyingi za kuwaaga viongozi katika kaunti hii. Nimesikia wakisifiwa kwa barabara ambazo hazikujengwa na kwa visima ambavyo havina maji. Sijawahi kusikia kiongozi akisimama kwenye kipaza sauti chake mwenyewe na kutamka sentensi ile. Nahodha alirudishwa bara wiki chache baadaye. Mzee alimsindikiza hadi kwenye lori, akampigapiga shingoni, akaniambia nisiseme neno. Nimelisema leo kwa sababu leo hana mamlaka juu yangu.

Na Valentine? Hatembei. Nasema hivyo waziwazi, kwa kuwa kuna wanaopenda hadithi za namna hii zimalizike kwa mtoto kukimbia. Valentine anakaa. Jumapili iliyopita nilikuwa mgeni kwao, naye aliketi mkekani na binamu zake bila leso wala mkono wa mtu, akamnyang'anya mwenzake kipande cha samaki, na Everline akamkaripia kama anavyowakaripia wale wengine. Mzee aligeuza uso ukutani. Mimi nilijifanya ninatafuta chumvi.

Nilipomwambia Daktari Hope, akasema mtoto mmoja si ushahidi. Amesema kweli. Tena Bwana Gershom anakubaliana naye, na hapo ndipo penye uamuzi wake wa mwisho kama mwenyekiti, ambao bodi iliupitisha asubuhi hii. Utafiti ujao tutakaousaidia utauliza kama hata punda anahitajika, au kama mkeka, mazoezi na babu mwenye mikono miwili vinatosha. Jibu likiwa kwamba vinatosha, shirika hili halitakuwa na farasi, wala punda, wala pengine sababu ya kuwa na mwenyekiti. Nami ndiye mliyenichagua kukalia kiti hicho.

Nilimuuliza jana, "Mzee, unaniachia shirika au unaniachia mazishi yake?"

Akasema, "Ninakuachia swali. Usilijibu kabla halijajibiwa."

Bwana Gershom, kwa niaba ya wazazi hawa, ninakushukuru. Wageni wetu, ninawashukuru kwa masikio yenu na kwa subira yenu. Sasa nawaomba mbaki mlivyokaa, wakubwa kwa wadogo, kwa maana leo watoto ndio watakaopakuliwa chakula kwanza.