Moshi wa Mama Umepita Kimya

Nje ya ukumbi wa mikutano ya kanuni za chakula duniani, Geneva, pana benchi ambalo wajumbe wa nchi ndogo wamelifanya kijiwe. Nchi kubwa huleta watu kumi. Hawa huja mmoja mmoja, na wakichoka hutoka kunywa kahawa ya mashine. Asubuhi ile alikuwepo Kossivi, aliyebandikwa jina Pingamizi kwa kupenda kubisha, pamoja na Sourou na Tamba Profesa. Kossivi alikuwa amemwahidi mama yake, anayekausha samaki kwa moshi huko pwani, kwamba kanuni ya kuubana moshi ule haitapita. Mle ndani jambo hupita asipopatikana wa kulipinga. Na la moshi lilipangwa mchana.

— Shirika la afya limeoana na shirika la chakula, alianza Sourou. Wakazaa kanuni. La biashara ndilo mgambo: usipofuata, mzigo wako haushuki bandarini.

— Ndoa gani, wewe! Tamba akamkatiza. Wanaotawala dunia ni wakalimani. Mjumbe anakohoa, wao wanatafsiri, "Tunakubali."

Kossivi akacheka hadi kahawa ikamwagika.

— Nyote washamba. Siri ni hii mashine! Wameiweka mbali na mlango makusudi. Sisi tunakunywa, wao wanatunga sheria.

— Pingamizi, leo umetia fora!

— Ngojeni mchana nikamate kipaza sauti. Samaki wa mama nimekula tangu niote meno. Nimekufa? Nitabisha mpaka hao wakalimani wapate homa.

Mlango ukafunguka. Akatoka Dzifa, mjumbe wa nchi jirani, mgeni kabisa kazini.

— Kaka Kossivi, nimekutafuta. Lile la moshi wameliwahisha.

— Mpaka saa ngapi?

— Limekwisha. Mwenyekiti aliuliza kama kuna pingamizi. Nilijua ni lako, nikawa natazama kiti chako. Akauliza tena. Kimya. Akagonga nyundo.

Kossivi akasimama, akakaa. Kifaa cha kusikilizia tafsiri kilikuwa bado kinaning'inia shingoni mwake. Alikuwa amekizima mwenyewe ili porojo isikike vizuri.

— Tutalifufua mwakani, Tamba akasema, akitazama viatu vyake.

Dzifa hakuwa na hasira; aliuliza tu, kama mtu anayejifunza kazi:

— Sasa kaka, mama akitaka kujua nani amelipitisha, utamwambia nani?

Kahawa ilikuwa bado inafuka. Kossivi akaifunika kwa kiganja.