Bi Kwanini na Chakula cha Nyangumi

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kutushika mkono, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, jukumu la kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Kwanini, na naomba mniwie radhi sauti ikinikatika.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1958, katika chumba cha nyuma ya duka la ushonaji la baba yetu, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, na mama alizoea kusimulia kwamba alipoanza kusema hakuanza na "mama" wala "baba" kama watoto wa watu, bali alinyooshea kidole cherehani na kusema "nini?"

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari kuanzia 1972 hadi 1977, ambako mwalimu wa kemia alimkalisha dawati la mbele kabisa, si kwa sababu hakuona vizuri, bali ili aweze kumjibu maswali bila kupaza sauti, na mwaka 1981 alihitimu shahada ya kemia.

Mwaka 1982 aliajiriwa katika maabara ya maji ya mji, na tarehe 1 Juni 1987 akahamia maabara ya utafiti wa bahari, ghorofa ya pili, chumba chenye dirisha moja na majokofu matatu, akakabidhiwa kazi ambayo sisi nyumbani tulidhani ni utani, yaani kujua nyangumi wamekula nini bila kuwapasua tumbo. Alitueleza mezani kwa subira kwamba mtafiti aliye kwenye boti hurusha mshale mfupi unaonyofoa kipande cha ngozi kisichozidi kifutio cha penseli, mnyama akashtuka kidogo na kuendelea na safari zake, na kwa kuwa mwili hujengwa na chakula, ukikausha kipande kile, ukakisaga na kukichoma ndani ya mashine inayotofautisha nitrojeni na kaboni nyepesi na nzito, ambazo kila chakula huziacha mwilini kwa kiasi chake, utajua kama mnyama alikula uduvi, au samaki waliokula uduvi. "Yaani mtu hawezi kuficha alichokula?" aliuliza baba, ambaye daktari alikuwa amemkataza sukari, na marehemu alipomjibu, "Ngozi haijui kudanganya, baba," mzee alisogeza kikombe chake cha chai taratibu hadi nyuma ya birika. Boti yenyewe alipanda mara moja tu, Agosti 1988, akatapika tangu kung'oa nanga hadi kurudi, na baada ya hapo akasema nyangumi watamfuata maabara.

Desemba mwaka huohuo jokofu moja liliharibika, akaitwa fundi, naye alipofungua mlango aliuliza, "Nyama gani hii mnaikata vipande vidogo namna hii?", akaambiwa ni nyangumi, akacheka, akaona anacheka peke yake. Alirudi mara nne kukagua jokofu ambalo lilikuwa limepona tangu siku ya kwanza, na tarehe 2 Septemba 1989 yeye na marehemu walifunga ndoa, wakajaliwa binti mwaka 1991, ambaye sasa ni muuguzi, na kijana mwaka 1994, ambaye ni mwalimu.

Lipo jambo ambalo yeye mwenyewe alituagiza tusiliruke. Mwaka 1998 alichapisha makala iliyosema kwamba nyangumi alioshughulika nao hula samaki wengi kuliko ilivyodhaniwa, ikampa ukuu wa kitengo, na wenye meli kubwa za uvuvi wakaishika mkononi kudai nyangumi wapunguzwe. Februari 2003, alipokuwa akijaribu mashine mpya kwa sampuli za zamani, aligundua kwamba hakuwa ameziondoa mafuta vya kutosha, na mafuta hubeba kaboni nyepesi, ambayo yeye aliisoma kama alama ya samaki, kwa hiyo hesabu zake zilikuwa zimewapa nyangumi samaki ambao hawakuwala. Mkurugenzi alimwambia, "Dada, miaka mitano imepita, watu wameshasahau," naye akajibu, "Nyangumi hajasahau alichokula." Tarehe 17 Machi 2003 alituma barua ya kuikana makala yake, akavuliwa ukuu, akapelekwa stoo ya chini, na shemeji anasema alilia jikoni siku mbili, siku ya tatu akaomba tochi.

Humo stoo alikuta vibamba virefu vilivyotoka mdomoni mwa nyangumi jike aliyekufa ufukweni, vile ambavyo aina hiyo huwa navyo badala ya meno, na kwa kuwa hukua polepole kama kucha, aliona kwamba kila sentimita imebeba majira yake. Alivikwangua sentimita moja baada ya nyingine, akapima, na mwaka 2008 akaonyesha kwamba mara mbili jike yule alikaa miezi mingi bila kula kitu, akiishi kwa mwili wake mwenyewe, na marehemu alifikiri kuwa huenda ndiyo miezi ambayo nyangumi yule alinyonyesha. Wenzake waliokuwa wakimkwepa kwenye ngazi tangu ile barua wakaanza kuteremka stoo kuuliza, na alistaafu tarehe 30 Machi 2018 bila kurudishiwa cheo, wala hakukiulizia.

Februari 2024 alianza kuugua ini, akalazwa mara tatu, na kila alipotolewa damu alitaka kujua inapimwa nini na kwa mashine gani, hadi mtaalamu wa maabara akawa anamletea majibu na kukaa naye kitandani wakiyasoma pamoja. Wiki ya mwisho alimwandikisha binti yake kwamba sentimita ya thelathini na moja ya kibamba kimoja cha nyangumi yule jike ina namba ambayo hakuielewa kamwe, binti akauliza aandike sababu gani, akasema, "Andika sijui." Alifariki Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, saa mbili na robo asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, watoto wawili na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia mgonjwa mwenye maswali mengi kuliko yao, majirani waliopika na kufua tulipokuwa hospitali, na wafanyakazi wenzake, ambao jana walituambia kwamba sampuli zake zote zipo salama kwenye baridi.

Dada yetu, pumzika kwa amani, wewe na maswali yako yote.