Bima Hailipi Mikono: Maisha ya Marehemu Raili Marjatta Hietala

Marehemu Raili Marjatta Hietala, ambaye tunamzika leo, Jumamosi tarehe 11 Mei 2019, alifariki tangu Februari. Mnaoishi hapa Lappe mnajua kwamba udongo wetu haupokei mtu wakati wa baridi. Kwa hiyo alilazwa katika nyumba ya mawe pale langoni mwa makaburi akingoja ardhi iyeyuke, yeye ambaye maishani hakumngojesha mtu hata kidogo. Mimi ni Tuula, mdogo wake. Nimeombwa nisome kwa ufupi, na Raili alikuwa akisema kwamba ufupi mimi sikujaliwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1957 huko Port Arthur, kabla mji huo haujaunganishwa na mwenzake na kuitwa Thunder Bay. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mzee Arvo Kangas, mkata magogo, na mama Sylvi, ambao walihamia Kanada kutoka Kauhava, Finland, mwaka 1951. Nyumbani tuliishi pia na Shangazi Hilma, dada yake baba, aliyekuwa akiwakanda wakata magogo na kuwaumika damu kwa pembe katika sauna yetu, kile chumba cha mvuke nyuma ya nyumba. Shangazi alipiga chuku, yaani zile za pembe, ingawa hata zile za mdomo hazikumpita. Raili akiwa na miaka saba alishika shavu la mguu wa mgeni mmoja na kusema, "Shangazi, hapa pana fundo." Shangazi alipapasa, akakuta ni kweli. Tangu siku hiyo wakawa wanakanda wawili.

Alisoma shule ya msingi hapa Lappe na sekondari mjini, akamaliza mwaka 1975. Miaka minne iliyofuata aliajiriwa katika duka la mikate, akikanda unga wa mikate mitamu ya iliki, na wapo wanaosema kwamba mikate ile haijapata kurudi kuwa laini. Mwaka 1979 alikwenda Toronto kusomea ukandaji wa tiba. Alisoma mifupa, misuli na magonjwa, akafanya mtihani wa kuandika na mtihani wa mikono, na Aprili 1981 akasajiliwa. Shangazi Hilma alicheka sana aliposikia kwamba mikono aliyopewa na Mungu sasa imepewa namba na serikali. Raili hakucheka. Namba ile aliitunza maisha yake yote kama watu wengine wanavyotunza jina la ukoo.

Alifungua chumba chake mtaa wa Bay mwaka huohuo. Wakandaji wa jimbo letu husimamiwa na baraza ambalo kwa lugha ya huku huitwa Chuo, ingawa halina darasa wala mwanafunzi. Kazi yake ni kuweka orodha ya waliosajiliwa na kumwajibisha anayekosea. Kila mwaka Raili alilipa ada ya Chuo. Mama yetu, ambaye Kiingereza chake kiliishia dukani, alilibeba jambo hilo moyoni kimya kimya kwa miaka. Krismasi ya mwaka 1998, wageni wakiwa mezani, ikamshinda, akamshika Raili mkono. "Mwanangu, mbona ada haziishi? Mdogo wako alimaliza zamani. Kama mtihani unakushinda, acha tu, sisi hatutakucheka." Raili alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akaeleza, na mama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama basi mwaka kesho anaweza kufaulu.

Kazini alikuwa na neno moja, na wengi wenu mmelisikia: uliza namba kwanza. Jirani yetu Eino Saarela, ambaye yuko hapa na amenikubalia nimtaje, alikwenda kukandwa na bwana mmoja mwenye vyeti vitatu vya fremu ukutani, vyote vya mafunzo ya mwisho wa wiki. Mgongo ulipata nafuu. Bima ikarudisha risiti yake kwa sababu yule bwana hakuwa amesajiliwa. Eino akamjia Raili na risiti mkononi, akamwomba aandike namba yake chini, kijirani tu.

"Eino," Raili akamwambia, "wewe ukinunua gari unaingia mpaka chini kuangalia vyuma. Mgongo wako mwenyewe hukuuliza hata namba? Bima hailipi mikono, inalipa namba. Na namba yangu haitasema imekugusa kama mikono yangu haikukugusa."

Eino alinuna mwezi mzima, kisha akarudi kama mgonjwa halali, na barua ya daktari juu.

Ndoa yake ilitokana na mgongo mwingine. Veikko Hietala alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha karatasi, na alikuja kukandwa mwaka 1982. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuja na maua. Raili alimwambia achague, ama mgongo au yeye, kwa sababu vyote viwili haviruhusiwi. Veikko akachagua. Alipelekwa kwa mkandaji mwingine upande wa pili wa mji, ambaye Veikko husema alikuwa na vidole vya mbao, na Raili akangoja zaidi ya mwaka mzima kabla hajakubali hata kunywa naye kahawa. Walifunga ndoa tarehe 16 Juni 1984 na kujaliwa mtoto mmoja, Marko.

Sasa nafika pagumu, na naomba mnivumilie.

Mwaka 2014 Veikko alipatikana na ugonjwa wa Parkinson. Kutetemeka kulikuwa kitu kidogo. Kilichomuumiza ni kukakamaa. Mwili ulimfunga asubuhi, shingo ikawa ngumu hata kumeza kukawa kazi, na sauti yake ikapungua mpaka ikawa ya kunong'ona. Kitu pekee kilichomfungua ni mikono ya mke wake. Kila jioni katika sauna alimlegeza kuanzia mabega mpaka vidole, naye akaweza kula na kulala. Huko alikuwa mke, namba yake aliiacha mtaa wa Bay, maana kanuni za kazi yao hazimruhusu mtu kumfanya mumewe mgonjwa wake. Bima ya kustaafu ya Veikko nayo ililipia ukandaji ikiwa daktari ameandika, mkandaji amesajiliwa, na kiasi cha mwaka hakijaisha. Ila sharti mkandaji asiwe mke wala ndugu. Basi dada yangu akawa anawakanda waume za watu mchana kutwa ili nyumba isimame, na jioni anarudi kuanza upya na wa kwake. Vidole gumba vyake vilivimba. Nilimwona akishindwa kufungua chupa ya maziwa.

Mwenzake kazini alikuwa Charlene Michano, ambaye mnamwona pale nyuma ya kiti cha Veikko. Siku moja mwaka 2016, tukiwa jikoni, Charlene alishindwa kuvumilia.

"Dada, wewe mkande tu kama unavyomkanda. Mimi nitaweka namba yangu kwenye risiti. Pesa ya bima ikupumzishe kazini hata siku mbili kwa wiki. Nani atajua?"

Raili alichovya mkate kwenye kahawa mpaka ukakatika. "Eino nilimkatalia," akasema. "Leo nijikubalie mwenyewe? Wakigundua, Charlene, itafutwa namba yako na yangu, na Veikko atabaki na watu wawili wasio na kazi."

Mimi nilikuwa mezani hapo. Mimi ningeandika. Ningeandika namba, na tarehe, na chochote walichotaka, na nilimwambia hivyo, akanitazama kwa huruma kama mtu anayemtazama mlevi. Akaendelea kufanya kazi.

Tarehe 23 Oktoba 2018 daktari alimwambia ana saratani ya kongosho, na imeshasambaa. Hakuuliza juu yake mwenyewe. Aliuliza nani atamkanda Veikko. Hilo ndilo lililomtesa kuliko maumivu. Asipopatikana mtu, Veikko angepelekwa katika nyumba ya wazee, ambako wauguzi wana watu wengi na dakika chache, na mwili wake ungefunga mpaka asiweze kumeza. Charlene alisema yuko tayari, na safari hii kila kitu kilikuwa halali: mikono yake mwenyewe, namba yake mwenyewe, barua ya daktari. Lakini Veikko hakutaka. Kwa miaka minne bima ilikuwa imekubali mikono ya kila aliyesajiliwa isipokuwa ya Raili, na sasa Veikko akaikataa mikono ya kila mtu isipokuwa ya Raili.

"Hii ina baridi," alinong'ona siku ya kwanza. "Hii ni ya kushikia koleo la theluji."

"Mzee, hata paka wangu analalamika," Charlene akamjibu, na akaendelea kurudi. Aliloweka mikono katika maji ya moto. Alivaa glavu mpaka mlangoni. Veikko alikaza meno na kukakamaa zaidi, na mara mbili tulimwita Raili atoke kitandani kuja kumlegeza, akaja akishikilia ukuta.

Desemba akabuni njia nyingine. Aliketi nyuma ya Charlene, akaweka mikono yake juu ya mikono ya mwenzake, na wakawa wanamkanda pamoja, Raili akisukuma na Charlene akifuata. Kila siku aliondoa uzito kidogo. Alikuwa amekonda hata pete ikafungwa kwa uzi. Alitapika kabla ya kuanza na akatapika baada ya kumaliza. Jioni moja nilimwambia inatosha, apumzike, akanishika koti kwa nguvu ambazo sikujua kwamba bado anazo.

"Tuula, sina muda. Nikienda na hajakubali, nitakuwa nimemuua. Unanielewa? Mimi ndiye nitakuwa nimemuua."

Ilipofika Februari hakuweza tena kuinua mikono. Tulihamishia kitanda chake sebuleni, karibu na kitanda cha kukandia cha Veikko. Alhamisi tarehe 14, Charlene alikuwa akimkanda peke yake, Raili akitazama, mimi nikikunja nguo. Veikko alifumba macho. Tukasikia sauti yake, sauti kamili, ambayo hatukuwa tumeisikia karibu mwaka.

"Raili," akasema, "leo mikono yako ina joto."

Charlene aliganda, akamgeukia Raili. Raili akatikisa kichwa kwamba asiseme kitu, aendelee. Kisha akageuza uso dirishani. Baadaye nilipomfuta uso aliniambia, "Amekubali. Nilikuwa naomba akubali, na amekubali, na inaniuma, Tuula, inaniuma sana." Tulilia wote wawili. Siku tano baadaye, Jumanne tarehe 19 Februari 2019, asubuhi, alifariki nyumbani kwake akiwa na miaka sitini na mmoja. Uso wake ulikuwa umetulia.

Hapo ndipo nilipokuwa nimemalizia kuandika, na ndivyo ilivyochapishwa katika vitabu mlivyoshika. Linalofuata halimo humo.

Leo asubuhi nilikuwa namvalisha Veikko tai. Nilidhani namliwaza, nikamwambia ashukuru kwamba Charlene yupo, na kwamba kwake ni kama Raili hajaondoka mikononi. Akanivuta mkono wa gauni mpaka sikio langu likafika mdomoni mwake.

"Shemeji, mimi natetemeka, sijapofuka. Miaka thelathini na minne nimekandwa na yule mwanamke. Nitaichanganya mikono yake na ya nani?"

Nikamuuliza, kwa nini basi alisema vile.

"Alikuwa amechoka, na haendi," akasema. "Mimi ndiye niliyemshikilia. Nikamwachia."

"Na mikono ya Charlene?"

"Baridi vilevile."

Akapumzika, kisha akanivuta tena. Alisema sauti yake haifiki hata upande wa pili wa meza, kwa hiyo nisome mimi, kwa nguvu, nikiwa karibu na shimo.

Dada, nakusomea. Alijua. Ile siku alijua ni nani anamgusa, na wewe uko wapi, na kwa nini unageuka dirishani. Hakukuchanganya na mtu.

Marehemu ameacha mume, Veikko, ambaye kiasi chake cha bima cha mwaka huu kiliisha Jumatatu iliyopita, na mpaka Januari sijui tutafanya nini. Charlene ana watoto watatu, na sitaki aseme hapa kwamba atakuja bure, maana najua atasema. Ameacha mwana, Marko, mkwe wake Joanne, na mjukuu Elsa, wote wa Sudbury. Mimi mdogo wake. Na Charlene, ambaye si ndugu, na tunamshukuru Mungu kwamba si ndugu, kwa sababu angekuwa ndugu bima isingemtambua. Baada ya hapa karibuni ukumbini kwa kahawa na mkate wa iliki.

Raili Marjatta, ulichokuwa umekishika umekiachia salama. Mikono yako na ipumzike kwa amani.