Mtaalamu wa Mandari

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililo kati ya kibanda cha kinyozi na chumba cha fundi cherehani. Nyuma yake pana kiwanja kisicho na mwenyewe, majani yamefika magotini. Mimi huuza kahawa pembeni, birika juu ya jiko la mkaa, mtoto mgongoni. Huwa sisemi sana. Wateja wangu husema vya kutosha, na anayemimina kahawa husikia yote bila kuulizwa maoni. Siku hiyo lakini maneno yalinihusu, maana aliyekuwa akijadiliwa ni mume wangu. Kijiweni wanamwita Mlinzi, kwa kuwa alilinda geti moja miaka sita na kukata majani ya humo ndani. Mwenye nyumba alipohama, kazi ikaisha, akamwachia mashine ya kukatia majani. Tangu hapo alikuwa hajapata kazi nyingine. Siku mbili kabla, mkunga mmoja anayefungua zahanati yake alimsimamisha njiani akamuuliza, "Wewe kazi yako ni kukata majani au kutengeneza bustani?" Mume wangu akajibu, "Ndiyo." Mkunga akamwambia akafikiri vizuri. Angempitia kijiweni siku hiyo saa nne kamili kuchukua jibu moja, la sivyo angemchukua mtu mwingine.

Saa mbili na nusu benchi lilikuwa limejaa. Mashine iko mbele yao, imefutwa mpaka inang'aa, na Mlinzi amesimama kando yake kama mtu aliyeleta mgonjwa.

— Wewe kata majani tu, — Kinyozi alisema kabla kikombe hakijamfikia. — Majani ni nywele. Mimi nimeishi na nywele miaka kumi na tano, nazijua tabia. Unamnyoa mtu, hajafika hata kwake, zimeshaanza kuota.

— Hajafika hata kwake? — Fundi alimtolea macho.

— Kama anakaa mbali.

— Mlinzi, usimsikilize huyu. Tengeneza bustani. Bustani ni suti, bwana! Kuna karani nilimshonea suti, huu mwaka wa nane anaivaa. Kila akipita watu wanamuuliza, nani kakushonea?

— Mwaka wa nane! — Kinyozi alipiga paja. — Kwa hiyo miaka minane hajakanyaga mlangoni kwako! Wangu anarudi kila baada ya wiki mbili, apende asipende. Mlinzi, unataka mteja anayekusifu au anayerudi?

— Anayerudi, — Mlinzi alijibu.

— Basi kata majani.

— Nikate?

— Usikate! — Fundi alisimama. — Ngoja kwanza. Usimjibu mkunga ukiwa hivyo.

Aliingia chumbani kwake akatoka na tai ya buluu ambayo hajaimaliza, pini zimo bado. Akamfunga mume wangu shingoni.

— Mtu wa bustani huvaa tai. Mtu wa kukata majani huvaa jasho. Tazameni wenyewe.

Tulitazama. Mume wangu alikuwa kama mtu anayekwenda kuomba msamaha.

— Mvue, — Kinyozi alisema, akamvua.

— Mvishe, — Fundi alisema, akamvisha.

Mara ya tatu pini ilimchoma kidevuni, ndipo yule mzee wa mwisho wa benchi alipoweka kikombe chini na kukohoa. Huyo ndiye Kamusi. Alikuwa karani wa masijala mpaka akastaafu, na tunamwita hivyo kwa sababu neno haliwezi kudondoka mbele yake asiliokote. Hukaa mwisho ule ulioingiliwa na majani siku zote, kwa kuwa upande ule hubonyea kidogo mtu akiukalia. Mwenyewe husema ni kiti cha wazee, kina mto.

— Mnagombania kazi, — alisema, — na shida iko kwenye jina. Mkunga ni mtu aliyesoma. Ukimwambia unakata majani, anaona fyekeo. Ukimwambia unatengeneza bustani, anaona vitunguu. Mwambie wewe ni mtaalamu wa mandhari.

Fundi alirudi kuketi.

— Mandhari ni nini, mzee? — Mlinzi aliuliza.

— Ni vile mahali panavyoonekana mtu akipatazama.

— Na asipopatazama?

— Hapo hujaajiriwa. Shemeji, nipe hilo boksi.

Alikuwa ananiambia mimi. Nilimpa boksi la vikombe vyangu, akachana upande mmoja. Akaomba na kipande cha mkaa. Akaandika kwa herufi kubwa, taratibu, ulimi nje, kisha akaliegemeza boksi kwenye mashine ili sote tuone: MTAALAMU WA MANDARI.

Nilisoma. Nikasoma tena. Shuleni mwalimu wetu wa darasa la sita alituambia mandhari ina H katikati, na ukiisahau hiyo H unapata neno jingine kabisa. Mandari ni ile safari ya watu kubeba vyakula wakaenda kukaa mahali pazuri, wale, wacheke, warudi. Lakini nitaanzaje? Nimwambie mzee anayeitwa Kamusi kwamba amekosea kuandika? Nilimpandisha mtoto vizuri mgongoni nikamimina kahawa. Lakini boksi lile lilikuwa linamsubiri mkunga, na mkunga ndiye alikuwa tumaini la nyumba yangu.

— Safi sana, — Kinyozi alisema. Hakulisoma boksi vizuri, alikuwa analisifu kwa ukubwa wa herufi. — Ila hata hayo mandhari yanahitaji mtindo. Mkunga akija mwambie unazo aina tatu. Kuna kipara, kwa mwenye haraka. Kuna panki, majani yanabaki katikati tu. Na kuna ya kuchana pembeni: mstari mmoja mnyoofu kutoka getini hadi mlangoni. Mama mwenye uchungu haulizi njia, anafuata mstari.

— Mstari wa nini? — Fundi alicheka kwa dharau. — Mimi ningemshonea zahanati nzima. Kila ua na mfuko wake. Pembeni kote napiga pindo ili udongo usichanike. Halafu chini naweka bitana.

— Bitana ya nini tena?

— Ya kugeuza! Upande mmoja majani, upande wa pili maua. Jua likikausha huu, unageuza.

— Unageuza uwanja?

— Watu wanne, kila mmoja pembe yake. Kama shuka.

— Na vifungo?

— Vifungo ni yale mawe ya pembeni. Wewe ulidhani kazi yake nini?

Mume wangu alikuwa anasikiliza kwa makini kweli, anahesabu kwa vidole ili asisahau.

— Sasa kwenye hiyo bitana, — aliuliza, — mashine yangu inapita wapi?

— Mashine haihitajiki, — Kamusi alisema. Tulimgeukia. — Mnajua kwa nini majani hurefuka? Yanataka kuona. Yamezungukwa, hayajui huko mbele kuna nini. Mlinzi, wewe yapandishe kwenye kilima kidogo tu. Yakishaona, yatatulia yenyewe.

— Ndiyo maana watu warefu hawaendelei kukua? — Kinyozi aliuliza.

— Wameshaona.

Hapo Fundi alirusha mikono juu kwa kushindwa, na futi yake ya kupimia ikamtoka shingoni ikaangukia nyuma ya benchi. Alipapasa majani kidogo bila kugeuka, akaacha.

— Imekwenda hiyo. Ya tatu sasa.

— Mimi kitana changu kimo humo tangu mwaka jana, — Kinyozi alisema, akaninyooshea kikombe nimwongezee.

Hatukumwona mkunga akija. Tulikuwa tunatazama barabarani, naye alikata njia kupitia kiwanjani. Tulisikia tu majani yakichakarika nyuma yetu, akatokea amekusanya sketi kwa mkono mmoja. Mbegu za majani zilikuwa zimemganda kuanzia pindoni hadi magotini.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, mama. Shikamoo, — tulijibu pamoja, isipokuwa Kamusi, aliyejinyoosha kola.

Macho ya mkunga yalikwenda moja kwa moja kwenye boksi. Alisoma. Akatazama benchi, vikombe, birika, watu watatu wamenyoosha miguu. Akasoma tena.

— Mtaalamu wa mandari, — alisema. — Nimeona. Na naona mmeshaanza. Chakula kinakuja saa ngapi?

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi. Niliinamisha kichwa kwenye jiko.

— Mandhari, mama, — Kamusi alisema kwa upole.

— Baba, ingekuwa hivyo ningefurahi. Hapa pameandikwa mandari. Mimi nina zahanati inafunguliwa Jumamosi, sina nafasi ya kwenda na watu kula porini. — Alimgeukia mume wangu. — Haya, Mlinzi. Kazi yako ni ipi?

Mume wangu alifungua mdomo. Niliona yote aliyoambiwa asubuhi ile yakigombania kutoka.

— Mimi, mama, — alisema, — nanyoa… napiga pindo… halafu yakishaona, yanatulia.

Mkunga alimtazama kama anavyomtazama mtu mwenye homa. Alianza kubandua mbegu kwenye sketi, moja moja, na akiwa ameinama hivyo akauliza:

— Na haya ya hapa hukatwa na nani?

Kinyozi alimtazama Fundi. Fundi alimtazama Kamusi. Kamusi alichungulia kikombe chake, kilikuwa kitupu, akaninyooshea. Nilitikisa birika. Yalikuwa yamebaki machicha tu.

— Nauliza tu, — mkunga aliendelea, wala hakuwa na ukali. — Kwa sababu watu mpo, na mashine ipo.

— Suala hilo… — Kamusi alianza. Akaishia hapo. Sijawahi kumwona akikosa neno.

Mkunga alitazama saa yake, akatuaga, akaanza kuondoka. Niliweka birika chini. Nikasema moyoni, basi.

Mume wangu alivua tai akanikabidhi mimi, kwa uangalifu, kwa ajili ya zile pini. Alipandisha mashine matundu mawili juu ya magurudumu yake, akachukua reki, akaingia kwenye majani. Hakuwasha. Alianza kupita hatua kwa hatua, anachana, anainama, anaokota. Ilitoka futi ya kwanza. Ikatoka kitana. Vikatoka vizibo vya soda tunavyochezea drafti, ndala moja ya kushoto, futi ya pili, ya tatu, kioo cha miwani ya Kamusi, na mawe mengi sana.

Mkunga alikuwa amesimama.

— Mbona hawashi? — aliniuliza.

— Anatoa vitu kwanza, mama, — nilisema. — Kisu kikigonga jiwe, jiwe linaruka. Na hapa kuna mtoto.

Alimtazama mtoto mgongoni kwangu, ambaye siku ya kuzaliwa alipokewa na mikono ya mkunga huyo huyo. Hakuondoka.

Mlinzi aliwasha. Alipita mara ya kwanza juu juu, kwa kuwa majani marefu ukiyakata yote kwa mara moja mashine inakabwa. Akaishusha, akapita mara ya pili. Harufu ya majani mabichi ikajaa mpaka kwenye vikombe. Chini ya benchi mashine haikuweza kupita, akaizima, akachukua fyekeo.

— Inukeni kidogo.

— Tuko kwenye mjadala, — Kinyozi alisema, na wote watatu wakainua miguu tu.

Mume wangu alipiga fyekeo upande wa Kinyozi, akapiga katikati, akafika kwenye kishina kimoja kinene cha majani chini ya Kamusi. Akakikata.

Benchi lilitoa mlio kama mtu anayeshusha mzigo. Kamusi alikwenda chini kwanza. Fundi akamfuata juu yake. Kinyozi akateleza ubao mzima, kikombe mkononi, akawakalia wote wawili.

— Mguu wa nne uko wapi? — Kamusi aliuliza kutoka chini.

Mlinzi alichungulia.

— Haupo, mzee. Haujakuwepo siku nyingi. Mlikuwa mmekalia majani.

Mkunga alicheka hadi akashika ukuta wa kibanda cha kinyozi. Alipofuta machozi, alionyesha benchi kwa kidole.

— Haya. Na hilo nalo ni kukata majani?

Mume wangu alitazama kiwanja kilivyokaa, akatazama benchi, akawatazama wazee chini. Safari hii hakuhesabu kwa vidole.

— Hapana, mama. Kukata nimemaliza. Ukikata ndipo unaona kilichokuwa kimefichwa. Sasa hapa pana kuchimba, kusimamisha mguu, na kupanda kitu kizuri pale pembeni pasibaki uchi. Hiyo ni kazi ya pili. Kwako nitaanza na ya kwanza, halafu nitakuambia kama ya pili ipo.

— Kesho saa moja asubuhi, — mkunga alisema. — Uje na huo utaratibu wa kuokota kwanza. Tai usije nayo.

Alirudi kwa njia aliyojia, safari hii bila kushika sketi.

Wale watatu hawakuona haja ya kuinuka. Walikaa pale pale chini wakianza upya, kama Mlinzi ameajiriwa kwa kazi ya kinyozi au ya fundi, huku Fundi akizipima futi zake kwa futi, aone kama hazijarefuka huko zilikokuwa. Mume wangu alikuwa ameshaanza kuchimba shimo la mguu wa benchi.

Boksi lilikuwa limeanguka kwenye majani yaliyokatwa. Nililipangusa. Nikachukua kipande cha mkaa jikoni, nikatazama huku na huku, nikaandika H ndogo juu, kati ya D na A, maana pale kwenye mstari herufi zilikuwa zimebanana.

Kamusi alikuwa ananitazama, majani kwenye ndevu. Alisoma taratibu, mara moja, mara ya pili.

— Hiyo, — alisema, — nilikuwa nimeiachia nafasi.