Sabini na Tano Kwenda Mia

Benchi yangu ya kahawa iko hapa Voi, ubavuni mwa duka la Ridha, na nimejifunza kwamba mtu akinywa kikombe cha kwanza huwa fundi, cha pili huwa injinia. Mwaka wa tisini na nane Ridha alikuwa na chuo cha kompyuta chenye mashine moja. Kikafunguliwa kingine Mwatate, mashine zake zinawaka kabla hujavuta kiti. Wanafunzi wakahama hadi akabaki Mutindi peke yake. Huyo naye akienda, Ridha anafunga mlango. Ndiyo maana asubuhi hiyo aliileta kompyuta kwenye benchi na kuivua kava mbele yetu.

Alitueleza kwamba prosesa ndiyo ubongo wa mashine, na yake ilikuwa ya kasi ya megahezi sabini na tano. Kuna kaplastiki kadogo kamevalishwa kwenye vimisumari vya bodi. Ukikahamisha, prosesa inakimbia mia bila kununua kitu. Ila yaweza kushika moto ikafa.

— Hiyo ni kufungua pampu tu, akasema Mbuvi, tuliyemwita Tanboi kwa sababu alizeekea juu ya malori akiwa utingo. Lori ikifunguliwa pampu inywe dizeli zaidi, inapanda mlima ikiimba.

— Na injini je? akauliza Ridha.

— Injini inakufa. Lakini inakufa ikiwa mbele.

Hudson Volteji, fundi wa redio, akaunga mkono.

— Samaki mkunje angali mbichi.

— Hudson, nikamwambia, huyu samaki ni ng'onda, keshakauka.

Hakunisikia. Kwake yeye, tatizo lilikuwa joto la Voi. Mashine ipelekwe Wundanyi kwenye baridi, wanafunzi wapande huko na sweta zao. Tanboi akasema huo ni usumbufu. Afadhali ivalishwe gunia la mkonge lililoloweshwa, kama tunavyopoza maji ya kunywa. Ridha akauliza maji na umeme vitapatana vipi. Hudson akamjibu kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Tukiwa kwenye ubishi huo, Ridha alishakang'oa kaplastiki kwa kibano cha nyusi cha mkewe. Tanboi akakapima uzito kiganjani. Hudson akakanusa. Nami nikakashika, mbona nisishike, benchi ni yangu.

Mara Mutindi akatokea. Kila mtu akadhani amekuja kuaga. Akatusalimu, akainama juu ya mashine.

— Mwalimu, hako kalikuwa kamekaa wapi kabla hamjakatoa?

Ridha akaangalia bodi. Vimisumari vilikuwa vingi, vyote sura moja. Tanboi akaelekeza kushoto, Hudson kulia, kisha wote wakarudisha mikono. Nilimwonea Ridha huruma kweli.

— Mutindi mwanangu, akasema taratibu, ukitaka kwenda Mwatate, nenda. Sitakuwa na kinyongo nawe.

— Nilienda jana.

Ridha akainamisha kichwa.

— Huko mashine iko na haraka, akaendelea Mutindi, na mwalimu pia ako na haraka. Mimi bado natafuta herufi na kidole kimoja. Wewe huwa unaningoja.

Akakachukua kaplastiki mkononi mwangu.

— Sogeeni, tujaribu vimisumari kimoja kimoja.

Tukasogea wote, hata mimi mwenye benchi.