Manju wa Mezani kwa Jafari

Wasikilizaji wapendwa, hivi wewe ukipewa namba moja kubwa ya kujiwekea, utaiweka kwenye akili, kwenye busara au kwenye haiba?

Leo tunamkumbuka Jafari Namkopi wa Chuno, aliyefariki miezi miwili iliyopita akiwa na miaka hamsini na mbili. Jafari alikuwa mpanga madaraja ya korosho ghalani. Na kila Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, aliongoza mchezo wa mezani. Mnakaa, mnasimulia safari, mnarusha dadu ya pande ishirini. Majirani walinong'ona kwamba anafundisha uchawi. Akawakaribisha ndani, akawaonyesha karatasi. Hesabu tupu.

Hesabu yenyewe nitaisema taratibu. Msomi hupata nguvu zake za ajabu kitabuni, kwa hiyo hutegemea Akili. Mtabibu wa porini hutegemea Busara. Manju, yule mwimbaji, hutegemea Haiba. Msomi Akili, mtabibu Busara, manju Haiba. Kila mchezaji hugawa namba zake kwenye sifa hizo. Sifa unayoitegemea ikiwa na kumi na sita, unaongeza tatu kwenye dadu. Ikiwa na nane, unapunguza moja.

Sasa dada yake Jafari, Saida, muuza muhogo sokoni Chikongola, alichagua kuwa manju. Kumi na sita akaiweka kwenye Akili. Haiba akaipa nane. Nyimbo zake ziligoma Jumamosi tatu mfululizo, mpaka wenzake wakamwambia bora awapikie chai.

Yasmini, binti wa Jafari, anakumbuka baba yake alivyomuuliza shangazi sababu. Shangazi akainama.

"Niliishia darasa la nne, Jafari. Angalau humu karatasini niwe na akili."

Jafari hakucheka.

"Dada, muhogo wako ni uleule wa wenzako. Wewe unamaliza saa nne, wao jua linawababua. Wateja wanafuata nini kama si huo mdomo wako?"

Saida akaomba kifutio.

Jumamosi iliyofuata, katika simulizi, mamba mkubwa aliziba mlango wa mto. Msomi kaishiwa nguvu, mtabibu yuko hoi. Kumshinda kulitaka kumi na nne au zaidi. Saida alisimama, kanga kaifunga kiunoni, akaimba, akarusha. Dadu ikatoa kumi na mbili. Kumi na mbili na tatu ya Haiba ni kumi na tano. Mamba akasinzia. Walewale wa chai wakambeba Saida juu juu mpaka barazani.

Tunawapa pole Yasmini, Saida na jamaa wote wa Chuno. Mungu amrehemu Jafari. Nawe msikilizaji, jitazame leo: nguvu yako umeiandika mahali gani?

Siku ya arobaini, baada ya dua, wachezaji walijadiliana nani aongoze mchezo sasa. Wakamtaja mmoja aliyemaliza chuo. Saida alikuwa anapitisha pilau. Akaweka sinia chini.

"Nitaongoza mimi. Nimetaka tangu siku ya kwanza, nikaona haya kusema."